Nilivyojifunza kukausha mwani kama mabibi wa enzi za Malkia Victoria

Sisi tuliokulia Paje, mwani tunaujua kwa kilo. Nilipohamia Devon, Uingereza, nikaonyeshwa albamu ya zamani, mwani umetandazwa kwenye karatasi kama maua na jina la Kilatini chini yake, nilicheka. Kisha nikataka kujaribu.

Zama za Malkia Victoria mabibi wenye nafasi walijaza sebule zao maua ya nta, visanduku vya makombe ya baharini, hata mapambo ya nywele za marehemu. Mengi ya hayo siyatamani. Mwani ulinivuta kwa sababu ulimtoa mwanamke nje. Margaret Gatty, aliyetoa kitabu chake cha mwani wa Uingereza mwaka 1863, aliwashauri wanawake wenzake wavae buti za wavulana na sketi zisizopita kifundo cha mguu. Namwelewa kabisa.

Habari za bamvua sikuhitaji kufundishwa na mtu. Maji yakipwa sana, hasa baada ya upepo mkali, ndipo naokota. Nachukua ule uliotupwa na mawimbi tu. Uliojishika kwenye mwamba nauacha.

Nyumbani natia maji ya bahari kwenye sinia, nauelezesha mwani humo, napitisha karatasi nzito ya kuchorea chini yake. Hapo ndipo penye raha: kile kilichokuwa donge jekundu mkononi kinafunguka chenyewe, tawi kwa tawi, hadi nyuzi nyembamba kama unywele. Nazipanga kwa ncha ya sindano, zinazolaliana nazipunguza kwa mkasi. Kisha nainua karatasi taratibu, upande mmoja kwanza, maji yachuruzike bila kuvuruga kitu.

Juu yake naweka kitambaa cha melimeli, halafu magazeti, ubao na mawe. Magazeti nabadilisha kila siku. Kitambaa sikigusi mpaka mwani ukauke, maana ukikivuta mapema kinaondoka na ncha zote. Gundi ya nini? Ute wake wenyewe unaushika. Ute wa namna hiyo ndio viwanda vinaoufuata kwenye mwani wetu wa Zanzibar, kwa ajili ya aiskrimu na dawa ya meno.

Wa kuanzia ni Plocamium, mwekundu, haukusumbui. Ile minene ya kahawia yenye vifuko vya hewa achana nayo: hunywea, ikawa myeusi na kubanduka. Griffithsia, iliyopewa jina hilo mwaka 1817 kwa heshima ya Amelia Griffiths, mjane wa huku Devon aliyeheshimiwa na wataalamu wa mwani, usiitie kabisa maji ya bomba. Seli zake hupasuka na rangi yote ya waridi ikamwagika.

Zilizokauka sizitundiki karibu na dirisha, jua huzififisha. Naziweka kwenye albamu, kila moja na ufukwe ilikotoka na tarehe.