Nionyeshe kwa kidole kimoja

Jioni ya leo, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, nilibaki mezani nikikitazama kiganja changu mwenyewe, kama nifanyavyo siku ambayo wagonjwa wa mikono wamekuwa wengi. Mgonjwa huyo alikuwa mama wa makamo ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiamka usiku wa manane mkono wake wa kulia umekufa ganzi, akiukung'uta hadi hisia zirudi. Alikuwa ameambiwa kwamba damu haifiki vizuri mkononi, na alikuja akiwa na hofu ya kupooza. Nilimpa kalamu, nikamwomba achore juu ya mkono wake mahali pote panapokufa ganzi, bila haraka. Alizungushia kidole gumba, cha shahada na cha kati, akapitisha mstari katikati ya kidole cha pete, kisha akaishia hapo.

"Na kidole cha mwisho, mama?"

Alikitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Hiki hapana, Daktari. Hiki ni kizima."

Mstari ule wa kalamu ulikuwa zaidi ya nusu ya jibu. Damu ikipungua haichagui vidole vitatu na nusu. Inayougawa mkono kwa mipaka ya namna hiyo ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Neva ya mediani hupita mbele ya kifundo cha mkono katika njia nyembamba, ikibanana na kano 9 za kukunja vidole, huku juu yake kukiwa na ukanda mgumu usionyumbuka, hivyo kitu chochote kikivimba humo ndani, neva ndiyo inayoumia. Kidole cha mwisho huhudumiwa na neva nyingine isiyopita katika njia hiyo. Hata ngozi ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba husalimika, kwa sababu tawi lake hujitenga mapema na kupita juu ya ukanda ule. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba ganzi imeanzia kidole cha mwisho, naacha kifundo na kwenda kuchunguza kiwiko, na akiniambia kwamba inashuka kutoka begani, namwomba kwanza ageuze shingo.

Nilimwomba akunje vifundo vyake, migongo ya mikono ikutane, akae hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ilianza kabla ya nusu dakika. Kisha nikagongagonga taratibu juu ya neva yenyewe, na hakuhisi mshtuko wowote vidoleni. Zamani jambo hilo lingenitia shaka. Sasa najua kwamba vipimo hivi viwili, cha Phalen na cha Tinel, kila kimoja huweza kukosea kwa pande zote mbili, na mimi huuamini zaidi usingizi uliokatizwa na ule mkono unaokung'utwa gizani. Niliangalia pia nyama iliyo chini ya kidole gumba, nikaikuta bado imejaa, na gumba lake lilikuwa na nguvu ya kusukuma kidole changu. Hilo lilinipa faraja, kwa kuwa nyama ile ikishaanza kunywea huwa tumechelewa. Amekwenda na banzi la kuvaa usiku litakaloshika kifundo kikiwa kimenyooka, pamoja na maagizo ya kupima sukari na tezi ya thairoidi, maana kisukari na tezi iliyolegea huweza kujificha nyuma ya ganzi kama hii.

Mtu anapoingia na kusema "mkono unauma," huwa hajaniambia lolote bado, na si kosa lake. Mkono una mifupa 27, na 8 kati ya hiyo imejipanga kwenye kifundo kama kokoto, kila mmoja ukiwa na majirani wake. Kwa hiyo sentensi yangu ya kwanza imekuwa ileile kwa miaka mingi: nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Wengi huanza kwa kushika kifundo kizima kwa kiganja cha mkono mwingine. Nangoja. Ukingoja, kidole hatimaye hushuka mahali pamoja.

Upande wa kidole gumba ndio unaonifanya nisisitize hivyo, kwa sababu ndani ya upana wa vidole vichache tu kuna magonjwa matatu yasiyofanana hata kidogo. Kidole kikishuka juu ya ncha ya mfupa wa mkono, pale kifundo kinapoanzia, na mwenye mkono akiwa amejifungua karibuni na anamnyanyua mtoto mara nyingi kwa siku, nafikiria kano mbili za gumba zinazokwaruzana na ala yake, ugonjwa ambao de Quervain, mpasuaji wa Uswisi, aliueleza mwaka 1895. Kumwomba afumbate gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo upande wa kidole cha mwisho huamsha maumivu makali, lakini huamsha maumivu kiasi hata kwa mtu mzima wa afya, na kwa hiyo mimi hupima mikono yote miwili kabla ya kusema neno. Kidole kikishuka mbele kidogo, kwenye shina la gumba lenyewe, na mwenyewe akiwa na umri mkubwa na analalamikia kufungua vifuniko vya chupa, naelekea kwenye kiungo kilicholika. Cha tatu ni kile kishimo kinachojitokeza nyuma ya gumba ukiliinua na kulinyoosha, na hicho siwezi kukiandikia kwa ufupi.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpokea kijana aliyeanguka akajikinga kwa kiganja. Uvimbe ulikuwa mdogo na vidole vyote vilikunjika. Nilimpiga picha ya eksirei, nikaitazama mara mbili, nikaona mifupa yote imekaa sawa. Nikamwambia ameteguka, nikamfunga bendeji, nikamruhusu aende. Aliporudi ilikuwa imepita miezi mitatu. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba hawezi kusukuma mlango mzito wala kujiinua kwa mkono ule. Picha mpya ilionyesha mstari mweusi ukikata katikati skafoidi, mfupa wa kifundo ulio chini ya kishimo kile, kingo zake zikiwa zimeanza kuwa laini kama za mfupa uliokata tamaa ya kuungana. Mfupa huu mdogo una tabia moja ya hatari: damu yake nyingi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea mkono, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha nyuma hukatiwa chakula na kinaweza hata kufa. Na katika siku za mwanzo ufa wake huweza kutoonekana kabisa kwenye picha. Kijana yule alihitaji upasuaji, kupandikizwa mfupa na kuwekewa skrubu. Ningebonyeza kishimo kile siku ya kwanza, angeruka kwenye kiti, nami ningemfunga plasta.

Tangu hapo nabonyeza sehemu tatu kwa kila aliyeanguka: kishimo, kinundu kilicho mbele ya kifundo chini ya gumba, kisha nalisukuma gumba kwa urefu wake kuelekea kwenye kifundo. Zikiuma, namfunga hata kama picha ni safi, na baada ya siku 10 hadi 14 tunapiga nyingine, au namtafutia kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku, kikipatikana mapema.

Huwa nawaza juu ya Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin, aliyeeleza mvunjiko wa mfupa wa mkono karibu na kifundo mwaka 1814, wakati Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895. Kwa miaka 81 watu waliutambua mvunjiko ule kwa macho na vidole. Siitamani hali ile hata kidogo. Wagonjwa wengi waliumia kwa kukosa picha. Ila naitamani subira ya vidole vyao.

Vidonda navyo hudanganya. Mkato mdogo wa kisu usiotoa damu nyingi huweza kuwa umekata kano nzima, na hakuna picha ya eksirei itakayosema hivyo. Nashika kidole nikikinyoosha, naachia kiungo cha mwisho peke yake, naomba kikunjwe. Kisha nashika vidole vingine vyote vikiwa vimenyooka na kuomba kile kimoja kikunjwe katikati, kwa kuwa kano hizo ni mbili na moja huweza kupona huku nyingine imekatika. Hisia za ncha ya kidole huzipima kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, maana baada ya sindano swali hilo haliulizwi tena. Na jeraha dogo juu ya fundo la ngumi nalihesabu kuwa la meno mpaka nihakikishiwe vinginevyo. Watu huona haya kusema walipigana, kwa hiyo naufunga mlango kwanza, nauliza kwa upole, na kueleza kwamba uchafu wa kinywa ukiingia kwenye kiungo unaweza kukila ndani ya siku chache.

Wiki iliyopita nilimfunga plasta binti wa miaka 19 aliyeteleza kwenye ngazi. Picha yake ilikuwa safi kabisa. Mama yake aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini mwanawe afungwe plasta kwa mfupa ambao haukuonekana umevunjika. Nilimshika mkono yeye mwenyewe, nikambonyeza kwenye kishimo chake, hakuhisi kitu. Kisha nikamwonyesha uso wa binti yake nilipobonyeza palepale. Hakuuliza tena.

Alhamisi zitatimia siku 12. Nitalifungua plasta lile na kubonyeza kwanza, halafu ndipo nitakapompeleka kupiga picha ya pili.