Nilivyogongwa nikiwa na leseni ya miezi 5, na bima yangu ikabaki safi

Kila aliyesikia kwamba nimegongwa aliniambia neno lile lile: usiguse bima. Shemeji alisema, wa ofisini walisema, hata mama wa chai pale getini alisema. Dereva mpya ukidai, mwakani wanakupandishia. Bora mmalizane pembeni. Ninaandika kwa sababu ushauri ule nusura unitie hasara ya zaidi ya laki tano, na walionipa walikuwa na uhakika kabisa.

Ilikuwa asubuhi, taa za Buguruni, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Nimesimama kwenye nyekundu, Kenta, lori dogo la mizigo, ikanivaa kwa nyuma. Buti la IST yangu likakunjika, taa ya kulia ikasagika. Dereva wa Kenta alishuka anatetemeka. "Dada yangu, tusogeze magari tuongee. Bosi atanifukuza." Bodaboda wakajaa, nao wakaanza: "Wewe leseni mpya, trafiki akija kosa anakubebesha wewe."

Si kweli. Trafiki alipofika hakuanza na umri wa leseni yangu, alianza kutazama magari yamekaaje. Nami nilishakataa kusogeza gari mpaka nipige picha, foleni nzima ikinipigia honi. Kuna picha moja ninaithamini mpaka leo. Nilichuchumaa nikaipiga toka chini: vipande vyekundu vya taa yangu viko chini ya tairi la mbele la Kenta, na mstari wa kusimamia uko mbele ya magurudumu yangu. Picha hiyo ilinisemea kila ofisi niliyoingia.

Jambo la pili nililifanya hapo hapo nikiwa nimesimama kwenye vumbi. Niliingia mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki bima, nikaandika namba ya Kenta. Ikaja kampuni yake, aina ya bima na tarehe ya kuisha. Bima ndogo, ile inayomlipa unayemgonga, iko hai, imebakiza miezi kadhaa. Msiache kufanya hivi. Dereva anaweza kukuambia lolote, lakini namba ya gari unaisoma mwenyewe. Na watu wanasahau kwamba ile bima ndogo ya elfu 118 tunayoilalamikia kila mwaka iliwekwa kwa ajili ya mtu kama mimi siku ile, yaani aliyegongwa.

Bosi wa Kenta kwenye simu alinipa ofa ya laki moja na nusu. Fundi bodi wangu aliangalia buti, bampa na taa, akasema laki saba, na hapo rangi hajaanza kuipigia hesabu.

Kosa langu lilikuja kesho yake. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe: gari la milioni 12, asilimia 3.5 ya thamani yake, ukiweka na VAT ni karibu laki tano. Nikajiambia nimelipa pesa yote ile, kwa nini nihangaike? Nikaenda kwenye kampuni yangu, nikapewa fomu ya madai, nikaanza kuijaza. Nilikuwa nusu ya ukurasa wa pili nilipomuuliza kaka wa dawatini nitalipwa kiasi gani. Akafungua mkataba wangu, akaweka kidole kwenye kifungu ambacho sikuwahi kukisoma. Kuna kiasi cha kwanza cha hasara ninachobeba mwenyewe katika kila dai. Chini yake kuna nyongeza kwa dereva mwenye leseni changa. Juu ya hayo, punguzo la mwaka unaofuata linaondoka.

"Hata kama sina kosa?"

"Dada, hilo ni punguzo la kutodai. Si punguzo la kutokuwa na kosa."

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo. Kampuni yangu ingenilipa, kisha ikahangaike kurudishiwa na kampuni ya Kenta, na mpaka irudishiwe, kwenye daftari mimi ni mtu aliyedai. Nikamwomba anirudishie fomu yangu. Badala yake niliandika barua fupi kwamba nimegongwa, natoa taarifa tu, sidai. Ile barua msiiache, maana mkataba unakutaka utoe taarifa hata kama hudai. Nakala yangu niligongewa muhuri wa kupokelewa.

Nikahamia kampuni ya Kenta na ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, kadi ya gari, picha na profoma ya gereji, yaani makadirio ya gharama. Wiki tatu jibu ni moja: mteja wetu hajaleta taarifa ya ajali. Bosi naye hapokei tena simu.

Nikamfuata stoo kwake na nakala ya ripoti iliyoonyesha dereva wake alikiri na kulipa faini. Sikugombana naye. Nilimwambia, "Mzee wangu, hela hii si ya mfukoni kwako, bima umeshailipia. Ukiacha kuripoti, ninakudai wewe." Alisoma ripoti mara mbili, akaomba kalamu. Kampuni ilipoanza tena habari za njoo kesho, nilitaja kwa maandishi kwamba nakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mkaguzi wao alikuja gereji wiki ile ile.

Walilipa matengenezo, kasoro elfu kadhaa walizokata kwenye rangi.

Mwaka ulipoisha, wakala aliniletea hesabu mpya isiyo na punguzo. "Mfumo unaonyesha ulipata ajali." Nikamwekea mezani ile barua yenye muhuri na barua ya malipo ya kampuni ya Kenta. Akapiga simu mbili. Punguzo likarudi, karibu elfu 50. Nikalipa kwa simu pale pale, na stika mpya ya bima iliingia kwenye simu kabla sijafika kwenye gari.