Tshivanga: nani analipa, nani anapita bure

Ukipanda lori la Bunyakiri au Hombo pale kijiji cha Miti, utakatiza katikati ya Parki ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya gorila karibu na Bukavu, mashariki mwa Congo, bila kulipa hata faranga. Barabara ya taifa namba 3 inapita ndani ya msitu wenyewe: mianzi kushoto, mianzi kulia, ukungu, na wewe umekaa juu ya magunia. Lakini shuka, ingia kidogo tu kwenye majani, tayari unadaiwa tiketi. Watu wengi wa Bukavu wanaijua parki hivyo, kutoka juu ya mzigo.

Mimi nashona nguo Kadutu, hapa Bukavu, na ni mweka hazina wa likelemba, yaani chama cha kuchangiana pesa, ya akina mama wa mtaa wetu. Kila mwisho wa mwaka faida tulikuwa tunaila kwa njia ileile: mbuzi, kasiksi (pombe ya ndizi), muziki, kesho yake kichwa kinauma. Mwaka mmoja, kabla vita haijaingia mjini Februari 2025, nilipendekeza twende Tshivanga, pale wageni wa parki wanapopokelewa. Mama Noela akasimama palepale: "Mama mweka hazina, nilipe ili nione miti? Kwetu Walungu hakuna miti?" Kikao kizima kikacheka. Mwingine akasema parki ni ya wazungu wenye dola.

Hilo la dola lina mzizi wake. Gorila amemeza jina lote la parki. Mgeni kutoka nje alikuwa analipa dola 400 kwenda kumwona. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda wanadai 1,500 tangu mwaka 2017. Nilipoanza kuulizia, komisioneri (dalali) mmoja mjini alinitajia bei ya wageni bila kupepesa macho, kana kwamba nimeshuka kwenye ndege Kavumu asubuhi ile. Ni shemeji yangu aliyenifungua macho: bei hazifanani kwa mgeni, kwa mgeni anayeishi Congo, na kwa Mkongomani. Yetu ni sehemu ndogo tu ya ile ya mgeni. Tena kutembea msituni bila kwenda kwa gorila ni hesabu nyingine kabisa, ya chini zaidi. Kwa nini jambo hilo lijulikane kwa kuwa na shemeji?

Mwishowe tulienda. Kwenye kaunta ya tiketi walituomba kitambulisho, ndiyo kusema karte ya uchaguzi, maana Wakongomani tumeishi miaka mingi tukiitumia hiyo. Mama mmoja alikuwa ameipoteza. Akaanza kujieleza kwa mashi, lugha ya kwetu: ukoo, kijiji, jina la mwami (chifu), mpaka karani akashika mbavu na kumwandikia bei ya raia. Kila mmoja alipewa risiti yake. Mimi nilizikusanya zote, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na pesa isiyo na karatasi huwa ina miguu.

Kilichotuumiza ni gari. Kukodi basi dogo kwenda na kurudi kulizidi tiketi zetu zote, kabla ya kuhesabu sambaza (dagaa) na bugali tulivyobeba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watu wa hapa hawaendi kwa sababu hawapendi msitu.

Pale Tshivanga wamepanga mafuvu ya tembo na ya gorila. Mama Noela, aliyekuwa akilalamika tangu Miti, hapo alinyamaza. Tembo wa upande huu wa milimani walimalizwa miaka ya vita. Gorila wa upande huu walikuwa karibu 250 mwaka 1996. Kufika 2000 walibaki kama 130. UNESCO iliiweka parki kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997 na haijaitoa. Wageni wakikoma, wale wapelelezi wanaofuata nyayo za gorila kila asubuhi wanalipwa na nini? Kwa hiyo mgeni alipe, na alipe vizuri. Akifika kwa gorila anapewa saa moja tu, barakoa usoni, na mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi, kwa sababu mafua yetu yanaweza kumuua gorila. Wachache wanaingia, lazima bei iwe nzito.

Ila kuna watu ambao tiketi kwao ni matusi. Parki ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa, wenyeji wa asili wa hapa, walitolewa ndani ya msitu ambao ulikuwa nyumba yao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Sasa umwuzie Mtwa tiketi ya kuingia alikozaliwa babu yake? Mimi siwezi kuiandika hiyo kwenye daftari.

Kwa sisi wa mjini ningetaka kadi ya mwaka, siku njia itakapokuwa salama tena. Familia inalipa mara moja, kwa faranga, inatembea kwenye njia za miguu Jumapili inayotaka. Gorila abaki na bei yake. Shule ziingie bure, gari tu ndilo walitafutie. Na ukutani, pale pa kukatia tiketi, pabandikwe karatasi kila mwezi: pesa zimeingia ngapi, zimeenda kwa walinzi ngapi, kwa vijiji jirani ngapi. Sisi likelemba yetu tunasoma hesabu kwa sauti kila mkutano, na hatuna hata ofisi.

Mama Noela sasa ananiuliza kama likelemba inaweza kumlipia gorila kwa awamu. Nimemjibu aanze na deni lake la Machi.