Kijana wa Brooklyn aliyehamia kwa mgombea

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudi ikiwa na swali moja tu, limeandikwa kwa penseli juu ya ukurasa wa mwanzo: "Umezungumza na nani?"

Kurasa 62 nilikuwa nimezijaza majedwali ya kura, makala za magazeti na nadharia za watu wakubwa. Jibu la kweli ni kwamba sikuwa nimezungumza na mtu. Nilikuwa nimeingia mwaka wa pili wa kuishi Beppu, Japani, nikiandika habari za uchaguzi wa mji huohuo wa Beppu, na kila jioni nilipita mbele ya ofisi ya mbunge nikielekea kwenye bafu la mtaa, bila hata siku moja kubisha hodi. Msimamizi wangu hakunifokea. Aliniambia niende maktaba nikaazime kitabu cha Gerald Curtis, mwanazuoni wa Kimarekani wa siasa za Japani, nikimaliza nirudi.

Nilikisoma kwa siku tatu, na hadi leo sijakisoma kitabu cha siasa kilichonitikisa namna ile. Sababu moja ni kwamba kilihusu mitaa niliyokuwa nakanyaga. Beppu ipo kisiwa cha Kyushu, mkoa wa Oita, mji wa chemchemi za maji moto. Asubuhi za baridi mvuke hupanda kutoka kwenye mifereji ya barabara, kwenye mabomba nyuma ya nyumba, hata kwenye nyufa za mawe kule Kannawa, na ukitazama kutoka kilimani kilipo chuo utadhani mji mzima umetiwa sufuriani. Kumbe miaka zaidi ya hamsini kabla yangu, mgeni mwingine mwenye daftari alitembea humohumo, akiwauliza watu kwa nini wanampigia fulani kura.

Curtis alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1940. Shahada ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 1962, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, huko huko New York. Japani alifika mara ya kwanza mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo na treni ya kwanza ya kasi, shinkansen. Aliporudi kufanya utafiti wa udaktari angeweza kubaki Tokyo, ambako Bunge lipo, maprofesa wapo, na magazeti yanafika mlangoni kila asubuhi. Yeye alichagua kumfuata mgombea mmoja mkoani, Satō Bunsei, mtu aliyekuwa mjumbe wa baraza la mkoa wa Oita, akagombea ubunge mwaka 1963 akaanguka, na sasa alikuwa anajiandaa kujaribu tena kwa tiketi ya LDP, chama tawala cha Japani wakati huo. Curtis alihamia nyumbani kwake. Alikula nao, akalala humo, akaenda nao mikutanoni. Hakuwa amefikisha hata miaka 27.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Satō alikuwa ameshashindwa mara moja, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kumkaribisha mgeni ndani ya nyumba aje aandike kila kosa lake. Akamkaribisha. Na mgeni naye alikuwa na Kijapani cha kutosha kukaa kimya na kuelewa kinachosemwa pembeni, kile ambacho hakikusudiwa kwa mgeni.

Mfumo wa wakati ule ulikuwa hivi. Jimbo la pili la Oita lilikuwa linapeleka wabunge watatu katika Baraza la Wawakilishi, lakini kila mpiga kura alikuwa na kura moja tu. Chama kinachotaka kutawala hakiwezi kutosheka na kiti kimoja katika jimbo la viti vitatu. Lazima kisimamishe watu wawili au watatu. Kwa hiyo adui wa kwanza wa Satō walikuwa wenzake wa chama hichohicho, wazee wenye majina makubwa, si wajamaa wa upande wa pili. Bango la chama halikumsaidia kitu, maana wote walikuwa nalo. Ilimpasa ajenge jeshi lake mwenyewe, na jeshi hilo Wajapani huliita kōenkai, umoja wa wafuasi wa mtu mmoja, wenye matawi ya kinamama, ya vijana, ya mtaa huu na ule, unaoishi mwaka mzima hata kama uchaguzi uko mbali.

Sheria nayo ilikuwa inausukuma mchezo uleule. Kampeni ya nyumba kwa nyumba imepigwa marufuku Japani tangu 1925, katika sheria ileile iliyowapa wanaume wote wa miaka 25 na zaidi haki ya kupiga kura. Muda rasmi wa kampeni ni mfupi, siku hizi siku 12 tu kwa Baraza la Wawakilishi. Kabla ya hapo huruhusiwi kuomba kura. Lakini kukutana na wanachama wa umoja wako, kunywa nao chai, kwenda nao safari ya basi, hiyo si kampeni, ni urafiki. Mwanya huo ndio uliomlea kila mbunge wa zama zile.

Niruhusuni nisimame kidogo kwenye karatasi ya kura, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Japani mpiga kura wa mbunge wa jimbo hapewi karatasi yenye picha wala hatii tiki. Anapewa karatasi yenye nafasi tupu, anaingia kwenye kibanda, anachukua penseli, anaandika jina la mgombea kwa mkono wake. Basi ukijua hivyo, kila kitu cha barabarani kinaeleweka. Ndiyo maana mabango mengi yanaandika majina kwa hiragana, herufi nyepesi za sauti, badala ya kanji, herufi zenye asili ya Kichina, zinazoweza kumpotosha mtu. Ndiyo maana magari ya kampeni yanapita polepole, mikono yenye glovu nyeupe ikipunga madirishani, na sauti ya kike kwenye kipaza sauti inarudia jina, jina, jina, kisha "naomba sana". Mwanzoni nilichukia kelele ile. Nilidhani ni siasa isiyo na hoja. Baada ya Curtis nilianza kuisikia kama mtu anayemfundisha jirani yake kuandika neno moja, awe nalo mkononi Jumapili ya uchaguzi.

Hicho ndicho ninachompendea. Hakuwacheka. Mwanazuoni wa Kimarekani wa miaka ya sitini angeweza kabisa kuandika kwamba wanavijiji wa Oita bado hawajakomaa kidemokrasia, na wengi wangepiga makofi. Yeye alionyesha hesabu iliyokuwemo ndani. Vijijini Satō aliwategemea wakubwa wa huko, madiwani na watu wenye heshima zao, kila mmoja akimletea kura za eneo lake. Mjini Beppu, ambako watu hawamsikilizi mzee wa mtaa, akategemea kōenkai. Kila upande ulikuwa na mantiki yake. Mwezi Januari 1967 Satō alishinda, akaingia Bungeni, na baadaye akawa hata waziri wa posta na mawasiliano.

Utafiti huo ulimpa Curtis udaktari mwaka 1969, na mwaka 1971 ukatoka kama kitabu, kwa Kiingereza na kwa Kijapani. Jina la Kijapani ni Daigishi no Tanjō, yaani kuzaliwa kwa mbunge. Wajapani wenyewe wamekichapisha upya na wanakisoma bado.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Alifundisha Columbia hadi alipostaafu mwaka 2015, akiongoza taasisi yake ya Asia Mashariki kwa jumla ya miaka 12, akigawa maisha yake kati ya New York na Tokyo. Mwaka 1988 aliandika kitabu kingine kikubwa kuhusu LDP, akieleza kwamba chama hicho, kilichotawala bila kukatika kuanzia 1955, kilidumu kwa sababu kilijua kubadilika: kilianza na wakulima na wenye maduka madogo, kisha miaka ya sabini uchafuzi wa hewa na maji ulipowakasirisha watu wa mijini, kikageuza sera. Wengi walipenda kusema "ni utamaduni wao, Wajapani wanapenda utulivu". Curtis alilikataa jibu hilo maisha yake yote. Mwaka 1993 LDP kiling'oka madarakani, mwaka uliofuata sheria ya uchaguzi ikabadilishwa kuwa majimbo 300 ya mbunge mmoja mmoja na viti 200 vya uwiano, vinavyogawiwa vyama kulingana na kura zao, na wanamageuzi wakaahidi kwamba sasa watu watashindana kwa sera. Curtis alikuwa na shaka, na aliiandika shaka hiyo katika kitabu chake cha 1999. Kōenkai hazikufa. Hilo naweza kulishuhudia mwenyewe.

Serikali ya Japani ilimpa Nishani ya Jua Linalochomoza mwaka 2004. Mwaka 2008 akatoa kumbukumbu zake kwa Kijapani na kuziita siasa na sanma, jina la samaki mwembamba wa bei nafuu anayechomwa majira ya vuli na kuliwa na figili iliyokunwa. Profesa mwenye nishani kuweka samaki wa mama ntilie kwenye jalada, kwangu hilo linaeleza mengi kuhusu alikojifunzia.

Wapo waliosema alikuwa karibu mno na wanasiasa. Miaka ya themanini, Marekani na Japani zilipogombana kwa ajili ya magari na biashara, wataalamu wa aina yake walibandikwa jina la klabu ya krisanthemu, ua lililo alama ya Japani, kana kwamba wamelewa na Japani. Swali hilo nimeligeuzageuza sana, maana ni la haki: ukila kwa mtu mwaka mzima, utaweza kumwandika vibaya? Lakini nikirudi kwenye kitabu cha Beppu naona fedha zimeandikwa, mikono inayokusanya kura imeandikwa, hofu ya Satō imeandikwa. Aliyekaa Tokyo asingeviona. Mimi niliyekaa Beppuni na madirisha yangu yamefungwa sikuviona pia.

Basi nikaanza upya. Mtu wa kwanza alikuwa bibi jirani yangu, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye tulikuwa tukioga bafu moja la mtaa na kusalimiana tu. Nilimuuliza moja kwa moja anampigia nani kura na kwa nini. Akatabasamu, akasema maji leo ni ya moto sana. Sikuuliza tena. Nilibeba ndoo yake, nilimsaidia kupeleka takataka kituoni, tukazungumza habari za magoti yake na za mama yangu. Ilikuwa mwezi wa sita aliponiita ndani mwenyewe, akaniwekea chai, akatoa bahasha ya picha.

Ilikuwa safari ya basi ya kōenkai, rangi zimeshapauka. Watu kama arobaini, safu tatu, mbunge katikati amevaa yukata, joho jepesi la hoteli, kama wengine. Alinipitisha safu kwa safu na kidole chake. Huyu alikuwa na duka la tofu, amefariki. Huyu mumewe alikuwa zimamoto, amefariki. Huyu yuko hospitali. Huyu ni mimi. Kisha akairudisha picha kwenye bahasha, akaniuliza kama nitakuja kwenye mkutano wa Jumamosi, maana viti vipo vingi.