Neno moja la Clarissa

Katika kurasa zangu nne mwalimu alikata neno moja tu. Juu yake akaandika kwa wino mwekundu: urafiki. Mimi nilikuwa nimeandika mapenzi.

Zoezi lilikuwa kutafsiri sehemu ya Mrs Dalloway, riwaya ya Virginia Woolf ya mwaka 1925. Clarissa, mwanamke aliyekwisha kupita miaka 50, yuko nyumbani kwake London siku ya karamu, na mawazo yamemrudisha kwa Sally Seton, msichana wa ujana wake. Anajiuliza: yale yaliyokuwa kati yetu hayakuwa... nini? Kiingereza kina neno moja, love, la kubeba yote, la mama kwa mwanawe na la wawili waliopendana. Kiswahili hakikupi pa kujificha. Ukiandika upendo umeshika njia moja, ukiandika mapenzi umeshika nyingine, na msomaji anajua papo hapo. Neno lile lilininyima usingizi siku mbili.

Nikamfuata mwalimu ofisini. Akanifungulia pale Clarissa anaposema hisia zake kwa Sally zilikuwa safi, hazikutaka faida, hazikufanana na za mwanamke kwa mwanamume.

"Umeona? Usimtie maneno mdomoni."

Hoja ilikuwa nzito na sikuwa nimeipima vya kutosha. Nikamwomba tusome yaliyo jirani. Clarissa chumbani, birika la maji ya moto mkononi, anajiambia kwa sauti kwamba Sally yuko chini ya paa hili. Anatengeneza nywele huku mwili ukimpoa kwa msisimko. Anashuka kwenda kula, gauni jeupe, na kichwani ana maneno ya Othello wa tamthilia ya Shakespeare, kwamba kama ni kufa, basi angekufa sasa, katika kilele cha furaha. Othello aliyasema alipokutana tena na Desdemona. Ni maneno ya mume kwa mkewe!

"Hayo ni ya kitoto tu," mwalimu akasema. "Wasichana huwa hivyo."

"Lakini mwalimu, anayekumbuka si mtoto. Na kurasa hizohizo zinasema kwamba mbele ya mwanamke mwingine, kwa kitambo kidogo, alihisi wanachohisi wanaume. Usafi haujakanusha mapenzi. Unatueleza yalikuwa mapenzi ya namna gani."

Alisoma kimya, muda mrefu. Hakufuta urafiki, wala alama zangu hazikupanda.

Usiku nikairudia tafsiri yote, nikafika pale Clarissa na Sally walipo barazani. Wanapita penye chombo cha mawe chenye maua, Sally anasimama, anachuma ua. Nilikuwa nimeandika: akambusu. Nukta. Kitabu kinasema mdomoni. Nilikuwa nimeliacha neno hilo, na kalamu nyekundu haikuona pengo lolote pale.

Nikaliandika, kwa wino wangu mwenyewe, juu ya mstari.