Ngozi inapobadilika kabla hedhi haijakoma

Wanawake wa rika langu hapa Dar es Salaam tumeanza kuzungumza bila haya kuhusu joto linalopanda mwilini ghafla, usingizi unaokatika saa nane za usiku na hedhi inayokuja itakavyo, lakini ngozi bado inaachwa nje ya mazungumzo hayo kana kwamba ni suala la urembo peke yake. Nina miaka 47, na kwangu ngozi ilitoa taarifa mapema kuliko dalili nyingine zote: paji la uso liliendelea kung'aa kwa mafuta kama zamani huku mashavu yakibana baada ya kuoga, miguu ikapauka saa chache tu baada ya kupakwa losheni, na chunusi zikajitokeza kwenye taya na kidevuni, sehemu ambazo hazikuwa na chunusi hata nilipokuwa msichana. Ninaandika kwa ajili ya mwanamke anayejitazama kwenye kioo asielewe ni kwa nini mafuta aliyoyatumia kwa miaka mingi hayamsaidii tena.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi pale anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa wengi hilo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Katika miaka kadhaa inayotangulia, homoni hazishuki kwa utaratibu, bali hupanda na kushuka, na kwa jumla estrojeni, homoni kuu ya kike, huelekea kupungua. Estrojeni ndiyo inayoisaidia ngozi kutengeneza kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), kushikilia maji na kupona haraka inapojeruhiwa, kwa hiyo inapopungua ngozi huwa nyembamba, kavu na yenye kuwasha kwa urahisi. Madaktari wa ngozi hukadiria kwamba mwanamke hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kisha hupoteza karibu asilimia 2 kila mwaka. Homoni za androjeni, zile zinazoitwa za kiume ingawa hata wanawake tunazo, nazo hazipungui kwa kasi hiyo, hivyo nguvu yake huonekana zaidi, na hapo ndipo zinapotokea chunusi za taya pamoja na nywele chache ngumu za kidevuni. Ukavu na chunusi vinaweza basi kukaa kwenye uso mmoja kwa wakati mmoja, na anayetibu kimoja kwa ukali huchochea kingine.

Hali ya hewa ya jiji hili hufanya jambo hilo liwe gumu zaidi kulitambua. Mwezi wa pili, wakati wa kaskazi, mtu hulowa jasho kabla hajafika kituo cha daladala, na ni rahisi sana kuamini kwamba ngozi inayometameta namna hiyo haiwezi kuwa kavu. Jasho ni maji yenye chumvi yanayokaa juu ya ngozi, na likikauka hapo huacha chumvi inayowasha. Unyevu ambao ngozi inauhitaji ni ule uliomo ndani ya tabaka lake la juu, ukizuiliwa na mafuta ya asili, yakiwemo yale yanayoitwa seramaidi, ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Ukiongeza kiyoyozi cha ofisini kinachokausha hewa kutwa nzima, jasho la usiku linaloletwa na homoni zenyewe, na maji ya kisima yenye chumvi ambayo mitaa mingi huyategemea maji ya bomba yanapokatika, utaelewa ni kwa nini mwanamke wa Dar anaweza kuwa na uso unaong'aa na bado ngozi yake ina kiu.

Badiliko la kwanza, ambalo ninaliona kuwa na faida kuliko kipodozi chochote cha gharama, ni kupunguza ukali wa kuoga. Tumelelewa kuamini kwamba usafi ni povu jingi, sabuni ya kipande au sabuni ya dawa, na dodoki linalosuguliwa mpaka ngozi ilie. Ngozi ya miaka 20 huvumilia hayo, ila hii ya sasa haivumilii, kwa sababu kila msuguo na kila povu kali huondoka na mafuta yaleyale ambayo mwili unayatengeneza kwa shida. Siku hizi dodoki langu ni la nyayo tu. Sabuni ninaiweka kwapani, miguuni na penye mikunjo, sehemu nyingine zikapata maji ya uvuguvugu, na sehemu za siri huoshwa kwa maji matupu kwa nje, kwa kuwa nazo hukauka katika kipindi hiki. Uso ninauosha jioni kwa krimu laini isiyotoa povu jingi na isiyo na manukato, na asubuhi maji matupu yanatosha, hata kama usiku nilitoka jasho.

Badiliko la pili linahusu wakati wa kupaka. Mafuta yanayopakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka kabisa huteleza juu yake, ilhali yakipakwa ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na umande, huyafungia maji ndani. Gliserini, ambayo inapatikana karibu kila duka la dawa kwa bei ambayo wengi tunaimudu, huvuta maji na kuyashikilia, lakini ikipakwa tupu hunata na inaweza kuwasha, hivyo ninaichanganya na maji kidogo kiganjani, kisha juu yake ninapaka losheni nzito au mafuta ya mgando kidogo sana. Kwenye miundi, ambako ukavu wangu ulikuwa umefikia kupasuka mistari myembamba kama udongo wa kiangazi, losheni yenye urea ya asilimia 10 ndiyo iliyorudisha ulaini, ingawa haifai kupakwa mahali palipochubuka kwa sababu huuma. Mafuta ya nazi ninayapenda na nitaendelea kuyapaka mwilini kama bibi zetu wa pwani walivyofanya, ila kwa uso wenye chunusi huweza kuziba vinyweleo, na sioni sababu ya kuyang'ang'ania hapo.

Kwa sisi tunaotawadha mara kadhaa kwa siku, uso huoshwa mara nyingi kuliko ushauri wowote wa vipodozi unavyodhania. Maji hayo yenyewe hayana ubaya. Jambo la kuzingatia ni kuukausha uso kwa kuugusagusa na kitambaa laini bila kuusugua, kisha kurudishia tone la losheni kabla unyevu haujaondoka. Kikopo kidogo ndani ya mkoba kinatosha.

Jua linahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninaposikia hoja kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga. Ni kweli kwamba melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hutukinga dhidi ya kuungua na dhidi ya saratani nyingi za ngozi, na ni neema kubwa. Haituzuii hata hivyo kupata madoa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi, na miale ya UVA, aina mojawapo ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, hupenya kioo cha dirisha la daladala bila shida. Homoni zinazoyumba tayari zinaweza kuifanya ngozi itoe rangi nyingi kupita kiasi kwenye mashavu na juu ya mdomo, na kila chunusi inayopona huacha alama nyeusi, kisha jua linaikoleza. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) ya 30 au zaidi, inayopakwa kwa wingi usoni, masikioni na shingoni na kurudiwa kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje, ndiyo dawa ya madoa ambayo wengi hatuihesabu kuwa dawa. Zile zenye rangi ya ngozi zina oksidi ya chuma, ambayo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na mwanga huo huchangia mabaka kwa watu weusi. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, jambo linaloonyesha kwamba utaalamu huo tunao nchini. Mwavuli, mtandio na kofia pana ni kinga vilevile, wala havihitaji kurudiwa kila saa mbili.

Ninalazimika kusema kuhusu mkorogo, yaani krimu za kujichubua zinazochanganywa kienyeji, kwa sababu umri huu ndio unaowapeleka kwenye mkorogo hata wanawake ambao hawakuwahi kutamani kuwa weupe. Wanatafuta tu kuondoa madoa. Katika kichochoro kimoja cha Kariakoo nilisimama nikamtazama kijana akifungua ndoo, akachota krimu nyeupe kwa kijiti cha mbao na kuitia kwenye kikopo kisicho na maandishi yoyote, akakamulia mrija mzima wa krimu nyingine, akadondoshea matone ya njano kutoka kwenye kichupa, akakoroga. "Mama, paka usiku tu, wiki moja utakuja kunishukuru." Nilipomuuliza, "Mdogo wangu, humo ndani mna nini?", alijibu kwamba hiyo ni siri ya kazi. Michanganyiko ya namna hiyo mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi ambayo ni magumu mno kutibika. Steroidi huikondesha ngozi, na hapa ndipo moyo wangu unaponiuma, kwa kuwa mwanamke huyu ngozi yake imeshaanza kukonda yenyewe, naye anailipia fedha ikonde zaidi, mpaka mishipa ionekane na kidonda kidogo kikawie kupona. Hali kadhalika kwa mirija ya betamethasoni na klobetasoli, ambazo nazo ni steroidi, inayonunuliwa bila cheti cha daktari: ni dawa nzuri kwa ugonjwa wake, na haikukusudiwa kuwa mafuta ya kila siku.

Njia salama ya kufifisha madoa ipo, ila ni ya polepole, ya miezi. Krimu zenye niasinamide au asidi ya azelaiki hufaa ngozi nyeusi, na hiyo ya pili husaidia chunusi pia. Retinoli, ambayo ni aina ya vitamini A ya kupaka, huihimiza ngozi kutengeneza kolajeni, lakini ianzwe kidogo, usiku mmoja kwa kuruka mingine miwili, juu ya losheni, kwa maana ikiiwasha ngozi yetu huacha doa jipya. Mtu asiitumie akiwa mjamzito, na katika kipindi hiki mimba bado inawezekana hata kama hedhi imepotea kwa miezi kadhaa.

Ukavu mkali unaoambatana na uchovu, nywele kunyonyoka au kuhisi baridi unaweza kutokana na tezi ya shingoni, na kipimo cha damu hulibainisha hilo. Muwasho usioisha, doa linalokua au kubadilika umbo, na mabadiliko ya rangi kwenye nyayo au chini ya kucha vinahitaji kuonwa na daktari. Muhimbili wana kliniki ya ngozi, na anayeishi karibu na hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala anaweza kuanzia hapo na kupewa rufaa. Ukienda, beba makopo na mirija yote unayoitumia, hata kile kikopo kisicho na maandishi, umwekee daktari mezani. Kama umekuwa ukipaka krimu yenye steroidi kwa muda mrefu, usiikatishe ghafla kabla hajakueleza namna ya kuipunguza, kwa sababu ngozi iliyoizoea huwaka na kutoa vipele inapoikosa.