Swali la Nne

Swali la nne kwenye dodoso langu lilikuwa hili: "Ni watu gani hukata mikoko katika kijiji hiki?" Nilipolisoma, mzee niliyekuwa nimeketi naye barazani alikuwa anashona nyavu. Akasita. Akaiweka sindano yake ya mti juu ya nyavu, akanitazama, akauliza kwa upole, "Umetumwa na maliasili, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Akasema, "Haya," akaagiza niletewe chai, na kuanzia hapo hakutaja tena mti wowote. Tulizungumza mvua, bei ya mchele na joto la Dar es Salaam. Maswali 32 yaliyosalia niliyarudisha kwenye mkoba kama yalivyokuwa.

Ilikuwa mwaka 2012, delta ya Rufiji, siku yangu ya pili kijijini. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu ilihusu mikoko ya delta ile, msitu wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko nchini. Hati nilizosoma kabla ya kwenda huko zilinipa mfuatano wa tarehe. Mwaka 1898 Wajerumani waliitangaza mikoko hiyo kuwa msitu wa serikali, wakafungua ofisi ya misitu Salale. Nguzo na magome vikauzwa nje chini ya usimamizi wao. Waingereza wakarithi utaratibu ule ule. Mwaka 1987 serikali yetu ikapiga marufuku ukataji wa mikoko nchi nzima, na baadaye ukaja mpango wa vibali. Katika hati zote hizo mkazi wa delta ana sura moja tu: ni mtu wa kuzuiwa.

Lakini dodoso halikutoka kwenye hati. Lilitokana na aibu. Siku ya kutetea pendekezo la utafiti, mjumbe mmoja wa jopo, mtu wa sayansi ya misitu, aliniuliza historia itasaidia kuota kwa mikoko mingapi. Sikuwa na jibu. Nikarudi chumbani nikaandaa maswali 36, yenye visanduku vya kutia alama, ili kazi yangu ifanane na ya watu wenye takwimu. Miaka yote niliyofundishwa kusikiliza neno na kuuliza limetoka wapi, niliiacha Mbagala Rangi Tatu nilipopanda basi. Nikashuka Bungu, nikachukua bodaboda hadi Nyamisati, nikavuka kwa mashua, nikiwa na visanduku vyangu mkononi.

Mtu aliyeishi na marufuku ya mwaka 1987, aliyesikia jirani zake wakiamriwa kuacha mashamba ya mpunga kwa kuwa yako ndani ya hifadhi, alitegemewa ajibu nini? Swali langu lilikuwa shtaka. Hilo nalielewa sasa bila kuelezwa na mtu. Usiku ule nililala nikiwaza namna ya kuondoka bila kuwavunjia heshima.

Asubuhi nilimkuta mzee ameketi palepale. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Umelalaje?" Nikasema nimelala salama, na kwa kuwa sikuwa tena na la kuuliza, nikatazama paa la baraza na kusema kwamba miti ile inanikumbusha nyumba ya shangazi yangu Unguja, mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe. Nilipokuwa mdogo nikilala kwake likizo, usingizi ukichelewa nilikuwa nahesabu boriti za dari. Zilikuwa 22.

"Korja na mbili," mzee akasema.

Neno hilo nilikuwa nimelikuta kwenye kamusi, sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu. Korja ni ishirini. Mzee alinyanyuka, akaingia uani, akarudi na vipande vya miti vya urefu tofauti, kuni za kupikia tu, akavipanga mbele yangu kwa unene. Akashika cha kwanza: kidole gumba na cha shahada vikakutana bila taabu. "Hii fito." Cha pili kikamjaza kiganja kizima, vidole visikutane sawasawa. "Hii pau." Cha tatu alikishika kwa mikono miwili, vidole vikapandana. "Mazio." Cha nne hakuwa nacho, kwa hiyo akasogea kwenye mhimili wa baraza na kuuzungushia viganja vyote viwili mpaka ncha za vidole zikagusana kwa shida. "Boriti ndiyo hii. Ikizidi hapa ni nguzo."

Halafu akaniuliza swali. "Chumba cha shangazi yako, upana wake hatua ngapi?"

Nikafumba macho nikijaribu kukiona. Kirefu, chembamba kama ushoroba, kitanda kikikaa upande mmoja mtu hapiti upande wa pili vizuri. Nikasema labda hatua tatu na nusu.

"Hakiwezi kuzidi," akasema. "Mti wenyewe unaishia hapo."

Nilikuwa nimelala chini ya msitu wa Rufiji, au wa Lamu, tangu nina miaka sita. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti nzuri iliyonyooka, inayoweza kubeba dari zito la mawe na chokaa, haivuki sana mita tatu. Kuwait na Bahrain nako nyumba za zamani zina vipimo hivyohivyo, na miti yenyewe huko huitwa chandal. Yaani delta hii iliamua ukubwa wa vyumba katika miji ambayo wakataji wake hawakuwahi kuiona.

Mzee hakunisubiri nimalize kushangaa. Alieleza jinsi majahazi ya Uarabuni yalivyokuja na upepo wa kaskazi na jinsi yalivyohitaji kuwa yamejaa kabla upepo wa kusi haujashika. Nahodha akitaka mazio, korja mia, wakataji walitafuta mazio na kuacha pau, maana pau hailipwi bei ya mazio. Akataja aina za mikoko kwa sifa: mkandaa kwa kujengea, maana mchwa hauupendi, na magome yake ya kutia ngozi rangi; mlilana kwa mataruma, yaani mbavu za vyombo; mkomafi; mchu; msinzi. Nilikuwa naandika kwa kasi hadi mkono ukauma.

Nilimuuliza, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe, kama kukata kule hakukumaliza miti. Akaelekeza kidole ng'ambo ya mto. "Pale tulimaliza. Palikuwa na mikandaa, tukamaliza. Kwingine mto wenyewe ulihama, maji baridi yakaja, watu wakaweka mpunga." Akanyamaza kidogo. "Andika yote mawili."

Niliyaandika yote mawili. Sura ya tatu ya tasnifu ilijengwa juu ya majina yale matano ya unene, kuanzia fito hadi nguzo, na nilipoyarudia mafaili ya nyaraka za taifa, Upanga, orodha za miti nilizokuwa nimezipita kwa haraka zikaanza kusomeka. Pale penye mazio nilijua sasa nani alikuwa anahitaji mazio na kwa nini. Pale msimu wa mauzo ulipokatika Aprili nilijua upepo umegeuka. Sura hiyo haikuhesabu mche hata mmoja. Ilionyesha kwamba msitu ulioandikwa kama pori lisilo na mpangilio ulikuwa na vipimo, na vipimo hivyo vilikuwa viganjani mwa watu walewale walioitwa waharibifu.

Kabla ya kuwasilisha tasnifu nilivuka kwenda Unguja na futikamba. Shangazi alikuwa ameshazeeka, miguu inamsumbua, lakini akashika ncha moja ukutani huku mimi nikivuta nyingine kupita juu ya kitanda.

"Unapima nini, mwanangu? Unataka kununua pazia?"

"Napima boriti, shangazi."

Akatazama juu, akatazama futikamba. "Soma basi, mkono unachoka."

Mita mbili na sentimita themanini na moja.

"Sogeza," akasema, "upime na sebule."